Cheti cha samaki hutoka wapi, na nani humkagua anayekitoa

Mwezi wa Januari, kaskazi imetulia na maji meupe, nilipeleka kilo 18 za pweza kwenye hoteli moja huku pwani ya kaskazini, pweza safi, wametoka majini asubuhi ile ile, wamelala kwenye barafu. Bwana wa manunuzi hakufungua hata kifuniko, kaniuliza tu, "Cheti unacho?" Nikamtolea leseni, nikamtolea na karatasi ya afya, akasema siyo hizo, yeye anataka cheti cha kuonyesha hawa pweza wamevuliwa kwa njia isiyoharibu bahari, kama ile lebo ya buluu iliyoko kwenye makopo ya jodari. Sikuwa nacho. Nikarudi na sanduku langu mpaka feri, nimesimama pale na barafu inayeyuka inanidondokea miguuni, nikavuka Likoni nikawauzia mama karanga, wale wa kukaanga samaki, kwa bei ya hasara.

Bandani nikawaeleza wenzangu. Mzee mmoja, huyo anavua pweza kwa miguu tangu mimi sijazaliwa, akanisikiza mpaka mwisho halafu akauliza, "Sasa mwanangu, hicho cheti anakitoa nani? Serikali? Na huyo anayekitoa, yeye ruhusa kapewa na nani?" Nikanyamaza manake sikujua. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma hii habari usiku kwa simu, na nimeona niandike nilichoelewa kwa lugha yetu, sababu karibu yote yaliyoandikwa yako kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha kuchosha, na wanaoulizwa cheti ni sisi.

Kwanza tutenganishe makaratasi, watu wengi wanayachanganya na mimi nilikuwa mmoja wao. Kuna karatasi za lazima, za serikali, yaani leseni ya kuvua, kibali cha biashara, na cheti cha afya kinachosema samaki huyu hatamdhuru anayemla. Hizo ukikosa umevunja sheria. Wenye umri wanakumbuka mambo ya sangara wa Ziwa Victoria, kati ya 1997 na 2000 nchi za Ulaya ziliwafungia mlango samaki wa ziwani mara kadhaa, mara usafi, mara kipindupindu, mara habari za sumu iliyokuwa ikitumika kuvulia, viwanda vikalala na watu wakakaa nyumbani. Hilo lilikuwa jambo la afya ya mlaji. Alichotaka yule bwana wa hoteli ni kitu kingine kabisa. Hicho ni cha hiari, hakuna askari atakushika kwa kukikosa, na hakiulizi kama samaki ni salama tumboni, kinauliza kama kule alikotoka wamebaki wenzake wa kutosha, na kama kuna watu wenye mamlaka ya kusema basi inatosha wakasikizwa.

Hiki cha hiari kilizaliwa na msiba wa watu wengine. Mwaka 1992 serikali ya Kanada ilifunga uvuvi huko Newfoundland, uvuvi wa wale samaki wa maji baridi ambao Uingereza huwakaanga na chipsi, samaki waliovuliwa kwa karibu karne 5 mpaka watu wakadhani hawataisha. Zaidi ya watu 30,000 wakakosa kazi kwa tangazo moja. Walisema ni kwa muda tu, kumbe marufuku ile ilikuja kuondolewa 2024. Sasa hapo watu wa mazingira wakaona wanapigana na wafanyabiashara bure, na wafanyabiashara nao wakaona bidhaa yenyewe inakwisha, ndo mwaka 1997 shirika la mazingira la WWF na kampuni ya Unilever, ambayo wakati huo ilikuwa kati ya wanunuzi wakubwa kabisa wa samaki wa kugandishwa, wakaanzisha pamoja Marine Stewardship Council, kwa ufupi MSC, makao yake London. Mwaka 1999 ikajitenga na walioizaa ikawa inajitegemea. Mwaka 2000 vyeti vya kwanza vikatoka, kimoja kwa kamba mawe wa Australia Magharibi, kingine kwa wavuvi wa mlango wa mto Thames. Lebo ziko nyingi siku hizi na si zote zinafanana kwa ukali, mimi nitakaa sana na hii ya MSC sababu ndo hiyo ya buluu niliyoulizwa.

Turudi kwa swali la mzee, nani anakitoa. Jibu lililonishangaza ni kwamba MSC yenyewe haitoi cheti kwa mvuvi yeyote. MSC inaandika masharti tu. Anayekuja kukagua ni kampuni nyingine, na anayeipa hiyo kampuni ruhusa ya kukagua ni watu wengine tena. Imepangwa hivyo makusudi, na mpango wenyewe haukutoka kwa MSC, ulitiwa nguvu na FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. FAO mwaka 1995 ilitoa mwongozo wa maadili ya uvuvi unaowajibika, halafu 2005 ikatoa mwongozo wa lebo za samaki wa baharini. FAO haina lebo wala haigawi vyeti, ila iliweka msingi: lebo iwe ya hiari, ikubaliane na sheria za nchi, iangalie hali ya samaki wenyewe na mazingira wanamoishi na uongozi wa uvuvi, isiwabague wavuvi wadogo wala nchi maskini, na anayeandika masharti asiwe ndo anayekagua, na anayekagua asijipe ithibati mwenyewe. Ithibati ni ule ukubali rasmi kwamba fulani anaiweza kazi ya kukagua, nitalirudia hilo neno.

Sasa kuandika masharti. Nilikuwa nikidhani ni watu wanne wamekaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi wakaamua. Siyo hivyo, ingawa siyo mkutano wa hadhara wa Uhuru Garden pia. Kuna bodi ya wadhamini yenye neno la mwisho, kuna kamati ya wataalamu wa mambo ya kisayansi, na kuna baraza la wadau ambamo wamo wavuvi, wauzaji, wanasayansi na watu wa mazingira wanaovutana. Marekebisho makubwa ya juzi juzi yalianza 2018 na toleo la 3.0 likatoka Oktoba 2022, miaka 4 nzima ya rasimu, maoni, majaribio kwa wavuvi halisi, rasimu tena. Moja ya mambo waliyobishania ni mapezi ya papa. Zamani masharti yalikataza kumkata papa mapezi na kutupa mwili baharini, ila njia ya kuthibitisha ilikuwa imelegea, mtu aweza kuleta mapezi huku na miili kule kisha akapiga hesabu ya uzito. Toleo jipya likasema papa ashushwe nchi kavu na mapezi yake mwilini, basi, hakuna hesabu. Ukiwahi kuona papa wakishushwa utajua hiyo tofauti ni kubwa namna gani, mwili mzima hauhitaji kuelezewa.

Na kisha kuna jambo ambalo kwangu mimi ndo kiini cha haya yote. Lile toleo la 2022 lilikuja na sehemu mpya ya ushahidi, yaani si kusema tu hatunasi kasa, bali umejuaje, nani aliona, mara ngapi, kwa kamera ama kwa mtu wa kusimama chomboni. Wavuvi wa nchi tajiri kabisa wakalalamika kwamba hawaiwezi. Ikabidi irudiwe, na 2024 likatoka toleo la 3.1. Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Ikiwa watu wenye kompyuta ndani ya meli wanashindwa na ushahidi, sisi tunaoandika kwenye daftari la mistari lililolowa chumvi je?

Kuna na wanaowasimamia waandika masharti. Shirika laitwa ISEAL, lilianza 2002, lina kanuni za namna ya kuandika kiwango chochote cha aina hii, cha samaki, cha kahawa, cha mbao. Kanuni zinataka maoni ya umma yatafutwe, rasimu iwe wazi kwa siku za kutosha, wale ambao huwa hawasikiki watafutwe kwa makusudi, na kila maoni yajibiwe hadharani yalifanyiwa nini, kisha kiwango kipitiwe upya angalau kila miaka 5. Maana yake mimi hapa Likoni naweza kutoa maoni na wakalazimika kuonyesha waliyapokea vipi. Kwa karatasi ni haki nzuri sana. Kwa kweli ya mambo, fomu ni ya Kiingereza, ina kurasa nyingi, na mvuvi aliyeamka saa tisa za usiku kufuata maji hana pumzi ya kuijaza. Naona hilo ni kosa lao, na ni kosa letu pia, sababu vyama vyetu hukaa vikao vingi na sijawahi kusikia hata kimoja kilichokaa kuandika maoni ya namna hiyo.

Samaki wa kufugwa wana njia yao. Mazungumzo ya kuandika masharti yao yalianza 2004, yakachukua miaka na watu zaidi ya 2,000, kisha 2010 WWF na taasisi ya Uholanzi iitwayo IDH wakaanzisha Aquaculture Stewardship Council, hiyo ndo lebo ya kijani ya ASC. Nitapita haraka ila kuna sharti moja la kamba wa kufugwa linalotugusa, bwawa lililochimbwa kwenye mikoko iliyokatwa baada ya 1999 halipati cheti. Mwenye kuwaza kuchimba mabwawa kwenye mikoko ya Tudor ama Mtwapa na kuuza nje ajue hilo mapema.

Haya, mtihani wenyewe. Cheti hakipewi mtu mmoja wala chombo kimoja, kinapewa uvuvi, yaani aina ya samaki, eneo lake, zana na kundi la wavuvi, vyote pamoja. Pweza wa kushikwa kwa miguu kusini mwa Mombasa ni kitu kimoja, pweza huyo huyo akipigwa na mtu wa miwani ya kuzamia huko Lamu ni kitu kingine. Wavuvi ama tajiri wao ndo wanaomtafuta mkaguzi na kumlipa. Timu inakuja, inakaa na wavuvi, na wanasayansi, na wanaoupinga uvuvi huo, halafu inatoa alama kwa vigezo zaidi ya 20 vilivyo chini ya mambo matatu makuu: samaki waliobaki, mazingira, uongozi. Kila kigezo kina alama 60, 80 na 100. Na huu mtihani si kama ule wa shule ambapo hesabu ikikuangusha Kiswahili kinakuokoa. Kigezo kimoja tu kikiwa chini ya 60 umeanguka, hata kama vingine vyote ni 100. Na kila jambo kuu lazima wastani wake ufike 80. Ukipata kati ya 60 na 80 kwenye kigezo fulani unapita ila unaandikiwa sharti, unapewa muda wa kulirekebisha. Cheti kinadumu miaka 5 na kila mwaka mkaguzi anarudi kuuliza lile sharti limefika wapi.

Hapo pa mkaguzi kulipwa na anayekaguliwa ndipo mzee alipotikisa kichwa nilipomsimulia. "Akila chakula changu atanisema vibaya?" Ni swali la haki na wako wanasayansi na mashirika ya mazingira yanayoliuliza miaka yote, tena wanaongeza kwamba MSC yenyewe hupata asilimia ndogo ya mauzo ya bidhaa zenye lebo, kwa hivyo vyeti vikizidi na pesa zinazidi. Kinga walizoweka ni hizi. Ripoti ya mkaguzi inapitiwa na wanasayansi wengine ambao hawakuwa kwenye timu. Kisha inawekwa hadharani yote, alama na sababu zake, na yeyote anaweza kutoa maoni. Kisha kuna siku 15 za kazi za kupinga, na pingamizi linaamuliwa na mtu huru ambaye si MSC wala si mkaguzi. Na juu ya mkaguzi kuna ASI, Assurance Services International, makao Bonn huko Ujerumani, hao ndo wanaompa ithibati. Mtu wa ASI anaweza kupanda chomboni pamoja na mkaguzi, akae kando, aangalie mkaguzi anavyouliza maswali, na kampuni ya ukaguzi ikilegea inasimamishwa. Kwa maoni yangu hizi kinga ni za kweli na zimewahi kuzuia mambo, ila zinafanya kazi pale tu penye mtu wa kulalamika, na kulalamika kunataka elimu, lugha na muda. Uvuvi ambao majirani zake ni mashirika makubwa ya mazingira utakaguliwa kwa macho mengi, uvuvi wa pembeni utakuwa na macho mawili ya mkaguzi.

Mniruhusu nikae kidogo kwenye kisa cha Maldivi, sababu hicho ndo kilinibadilisha mawazo nikaacha kuona haya ni mambo ya lebo tu. Wamaldivi wanavua jodari kwa ufito na mshipi. Wanavua dagaa kwanza, wanawaweka hai kwenye maji ndani ya chombo, wakilikuta kundi wanawatupia wale dagaa huku maji yakinyunyizwa juu ya bahari, jodari anapagawa, na wavuvi waliojipanga nyuma ya chombo wanamnyanyua mmoja mmoja, hakuna kasa hapo wala pomboo. Wanayemvua zaidi ni yule mdogo mwenye mistari tumboni, wengi tunamwita sehewa. Mwaka 2012 wakapata cheti cha MSC. Kwa zana walikuwa hawana neno. Sharti waliloandikiwa halikuwa la zana: katika Bahari Hindi nzima hakukuwa na kanuni iliyokubaliwa kabla ya wakati kwamba huyu samaki akipungua kiasi fulani, uvuvi upunguzwe kiasi fulani. Samaki huyo hajui mpaka wa nchi, leo yuko kwao, kesho kwetu, kesho kutwa Somalia. Hiyo kanuni Maldivi hawangeweza kuiandika peke yao, inaandikwa na tume ya jodari ya Bahari Hindi, IOTC, inayokaa Victoria huko Shelisheli, ambayo Kenya nayo ni mwanachama. Basi Wamaldivi wakashika njia, mkutano baada ya mkutano, wakabembeleza, wakashinikiza, na wanunuzi wa Ulaya wanaotaka lebo wakawasukuma wengine, mpaka 2016 tume ikaipitisha. Kwa mara ya kwanza kukawa na kanuni ya namna hiyo kwa sehewa wa bahari yetu. Angalia ilivyokwenda: sharti la kwenye cheti cha wavuvi wa ufito likaishia kuzibana nchi zenye meli za nyavu kubwa zinazobeba tani mamia, na sisi tumo humo ndani, na wengi wetu hatukujua.

Lakini upande wa pili uko. Mwaka 2019 cheti cha samaki wa jamii ya vibua wa Atlantiki ya kaskazini mashariki kilisimamishwa kwa wavuvi wa nchi kadhaa kwa pamoja. Idadi ya samaki ilikuwa imeshuka na jumla ya wanaovuliwa ilizidi ushauri wa wanasayansi, sababu serikali zao zilishindwa kugawana kwa makubaliano. Mvuvi mmoja mmoja huenda hakukosa kitu. Ndo maana nasema cheti kinapima uongozi kuliko kinavyompima mvuvi, na serikali zikigombana anayelipa ni mwenye chombo.

Kuna na safari ya samaki baada ya kutoka majini. Nilikwenda supamaketi moja Nyali nikachukua kopo la jodari nikaligeuza. Karibu na ile lebo kuna maandishi madogo, herufi MSC halafu C halafu namba. Ile C ndo mnyororo wa mikono: kila aliyemmiliki yule samaki, kutoka bandarini, kiwandani, ghalani, mpaka kwa aliyemtia kopo, lazima awe na cheti chake mwenyewe cha kuonyesha hakumchanganya na samaki asiye na cheti. Mmoja asipokuwa nacho mnyororo umekatika na lebo hairuhusiwi. Huwa wanachukua bidhaa madukani wanapima vinasaba, na utafiti uliochapishwa 2019 wa bidhaa zaidi ya 1,400 kutoka nchi 18 ulikuta zilizotajwa jina la samaki asiye yeye ni chini ya asilimia 1. Nikajifikiria mimi na sanduku langu. Siku pweza wa Likoni hawatoshi huongeza wa Msambweni, naweka pamoja, barafu moja, bei moja. Kwa kanuni hizi nimeshakata mnyororo kabla sijafika feri.

Na kwa kuwa lebo zimekuwa nyingi mpaka wauzaji wenyewe hawajui ipi ya kuamini, 2013 ukaanzishwa mpango uitwao Global Sustainable Seafood Initiative, GSSI, ambao hauwakagui wavuvi, unakagua lebo. Unachukua ile miongozo ya FAO unaigeuza kuwa maswali, unauliza kila lebo, ile inayojibu sawasawa inatambuliwa. Ya kwanza kutambuliwa, 2016, ilikuwa ya Alaska ya huko Marekani. Nilipofika hapo mzee akacheka akasema hii ni kama mizani inayopima mizani, nikamwambia ndo hivyo hasa, hata sokoni Marikiti si huja watu wa kukagua mizani.

Kuna kitu lebo ya buluu haikipimi na wanunuzi wengi wanadhani inakipima, nacho ni haki ya baharia. Mgao wa mabaharia na tajiri, mshahara, chakula cha chomboni, hayo hayapewi alama kwenye mtihani wa MSC. Tangu 2014 wanaifungia nje kampuni iliyotiwa hatiani kwa kazi za kulazimishwa, ila hilo ni kuzuia ubaya, si kupima wema. ASC ya wafugaji inayo masharti ya wafanyakazi ndani yake. Kwa hivyo ukiona lebo usiseme kila mtu alilipwa vizuri.

Sasa sisi. Pweza wetu angefaulu? Kwa maumbile ana bahati, anakua haraka mno, maisha yake ni kama mwaka mmoja na kidogo, jike hutaga mara moja kisha hufa. Mwamba ukipumzishwa miezi michache tu unaona tofauti kwenye mizani. Kwa zana pia hatuna ubaya, mtu anatembea juu ya mwamba maji yakikupwa wakati wa bamvua, hana wavu, hanasi kasa, ubaya upo kwa wanaovunja matumbawe kumtoa shimoni na hao tunawajua. Uongozi nao upo, kanuni za BMU, yaani vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia bandari zao, zilitoka 2007 na sheria mpya ya uvuvi ni ya 2016, kwa hivyo kwa karatasi kikundi cha bandari kina nguvu ya kufunga mwamba wake kwa taratibu.

Na wadogo wamewahi kupata. Wachota chaza wa Ben Tre huko Vietnam, wanaookota kwa mikono na reki chini ya vyama vya ushirika, walipata cheti 2009. Wavuvi wadogo wa pweza wa Asturias huko Hispania, wa kutega mitego, wakajiunga kupitia vyama vyao vya uvuvi wakapata 2016, pweza wa kwanza duniani kupata. Hata kwa wasio na takwimu nyingi MSC ina njia ya kupima kwa hatari, ambapo wavuvi wenyewe wanakalishwa chini na wataalamu wanaulizwa huyu samaki anakaa wapi, mnamfuata wapi, siku hizi unatembea mbali zaidi kuliko zamani? Maarifa ya yule mzee yanahesabika kama ushahidi, hilo lilimpendeza sana. Kinachotukwamisha ni pesa, ukaguzi mzima unaweza kula makumi ya maelfu ya dola na hapo bado hujalipia marekebisho, na hakuna bandari yetu yenye hela hiyo. Wengi huanza na mradi wa kuboresha uvuvi, wanapimwa kwanza mapengo, wanaziba moja baada ya jingine, na wanunuzi wenye nia wanawashika mkono kabla ya cheti chenyewe.

Ndo maana yule bwana wa hoteli simlaumu kwa kuuliza, namlaumu kwa kufunga mlango. Kukosa cheti hakumaanishi tunavua vibaya. Kunamaanisha hatujaandika. Angeuliza wanavuliwa wapi, kwa zana gani, wa uzito gani, ningemjibu, na angeniambia mwaka ujao niletee kwa maandishi ningejua pa kuanzia.

Tumeanzia kwenye daftari. La zamani nililifungua nikaona miaka miwili ya mstari mmoja mmoja, "pweza, kilo 42", "pweza, kilo 29", basi, hujui ni wangapi, wadogo ama wakubwa, wa mwamba gani, wavuvi wangapi walitoka siku hiyo. Kwa hesabu hiyo mtu wa KMFRI, ile taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani hata akitaka kutusaidia hana cha kushika. Sasa tumechora safu: kila pweza anapimwa peke yake, mwamba, saa zilizotumika kutafuta, jike ama dume. Hilo la mwisho lilileta kelele mpaka mzee akamlaza mmoja mezani akatuonyesha, akahesabu mikono kwa upande wa kulia, wa tatu, ncha yake kwa dume haifanani na mingine, imekuwa kama kijiko kidogo na mfereji unapita kando. Miaka yote hii nawauza na sikuwahi kuona.

Jana asubuhi walishushwa 14. Binti anayeandika alifika kwa wa 11, jike, kilo 1 na gramu 300, mwamba wa nje, akaniuliza kwenye safu ya saa aandike walitoka majini saa ngapi. Mzee akajibu kabla yangu, akamwambia andika maji yalikupwa saa ngapi.